Unga alioutuma kaka, na miguu ya baba inazidi kuvimba

Dada mfamasia, assalaam aleikum.

Nakuandikia kutoka Matondoni, kisiwani Lamu. Sisi ni watoto sita, mimi ni wa tatu, na ndiye niliyebaki nyumbani na baba tangu mama alipotangulia mbele ya haki. Baba ana miaka 74. Alikuwa fundi wa majahazi, na mpaka leo akisikia tezo ikigonga ubao huko pwani hakai barazani, lazima aende akatazame.

Mwaka jana alianza kuvimba miguu. Asubuhi huwa afadhali, ikifika magharibi viatu havimwingii, na ukimbonyeza kwa kidole juu ya kifundo, shimo hubaki pale pale. Hospitalini Lamu mjini walimpima wakasema moyo umetanuka na hausukumi damu inavyotakiwa, na figo nazo zimepungua nguvu. Wakampa furosemaidi, ambayo sisi twaiita dawa ya kukojoza, na spironolaktoni, losartani na digoksini. Alipata nafuu kubwa. Lakini miezi miwili hii uvimbe umerudi.

Kaka yetu mkubwa yuko Muscat. Ndiye anayelipa karo za wadogo zetu, na akisema neno nyumbani limekwisha. Mama mkwe wake, Mungu amrehemu, alikuwa na ugonjwa wa figo na daktari wa huko alimwandikia unga wa kukoroga na maji. Alipofariki, makopo mawili yalibaki hayajafunguliwa. Kaka alipokuja likizo alifungua sanduku la marehemu babu, aliyekuwa dresa wakati wa Mwingereza, akakuta kitabu cha utabibu cha miaka ya hamsini. Humo mmeandikwa kwamba mgonjwa aliyevimba kwa sababu ya moyo, ini au figo apewe resini, inyonye chumvi tumboni kabla haijaingia damuni, na maji yataifuata. Kaka akakumbuka kwamba yale makopo ni resini. Akayatuma kwa mtu aliyekuwa anakuja Mombasa, na agizo juu yake: vijiko vinne vya chai mara tatu kwa siku.

Kopo limeandikwa sodiamu polistairini salfoneti. Nimempa baba siku tatu. Tangu siku ya kwanza hajapata choo na tumbo limejaa. Miguu haijapungua, naona uvimbe umepanda mpaka magotini, na jana usiku aliomba mto wa pili. Nilimpigia kaka, akaniambia nisubiri, dawa ndiyo kwanza inavuta. Sitaki kumvunjia heshima, na sitaki kumdhuru baba. Niendelee au niache?

Nikwambie na haya ili ujue hali yote. Chakula hakimpiti sana, akipata kipande cha ng'onda ndipo wali huteremka. Dawa ya kukojoza hainywi kila siku, hataki kutoka msikitini mara mbili mbili kwenda kushika udhu upya, na Ijumaa haigusi kabisa. Magoti yakimuuma hununua vidonge dukani, akinywa hulala vizuri.

Binti wa fundi, Matondoni

*

Wa aleikum salaam, mdogo wangu.

Usimpe kijiko kingine. Na usisubiri siku ya kliniki: mpeleke baba hospitali leo hii. Kopo, vidonge vyake vyote na vile vya magoti, vitie katika mfuko mmoja uende navyo. Mzee mwenye moyo dhaifu akianza kuomba mto wa pili, maji yanaelekea mapafuni. Na mtu aliyekunywa unga huu siku tatu asipate choo, tumbo lake linahitaji kupapaswa na daktari. Akishindwa kupumua akiwa ameketi, akizirai, akitapika au ukiona damu, msingoje kupambazuke, tafuteni boti usiku huo huo.

Ukifika useme mapema, kabla hawajauliza: "Baba amepewa sodiamu polistairini salfoneti, gramu 15 hivi, mara tatu kwa siku, kwa siku tatu, na anatumia digoksini." Sentensi hiyo itawafanya wampime madini ya damuni, yaani potasiamu na kalsiamu, na kriatinini inayoonyesha hali ya figo, na wauangalie umeme wa moyo. Usione haya kuitamka. Utakayemficha ni mtu anayejaribu kumsaidia baba yako.

Jambo moja zaidi kabla hujatoka. Najua jirani atakuja na dawa ya kuharisha ili kumfungua tumbo. Mkatalie kwa upole. Baadhi ya dawa hizo zina sukari iitwayo sobitoli. Zamani sobitoli ilikuwa ikichanganywa na unga huu makusudi ili usigande tumboni, mpaka ikaonekana kuna wagonjwa ambao sehemu ya utumbo wao ilioza. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza maelekezo ya dawa yaseme wazi kwamba viwili hivi visitumiwe pamoja. Na hata bila sobitoli, unga huu haufai kupewa mtu ambaye choo hakimtoki vizuri. Atakachofunguliwa nacho baba kichaguliwe na waliompima.

Sasa nikueleze, maana nataka uelewe mwenyewe, usiache kwa sababu tu mimi nimesema.

Kitabu cha babu yako hakikudanganya. Resini ni chembe ndogo ndogo za plastiki ambazo tumbo haliwezi kuzisaga, zinaingia na kutoka. Kila chembe ina sehemu ambapo madini yenye chaji hushikamana nayo. Ifikirie kama gati pale Lamu mjini siku ya sherehe, nafasi zote zimejaa: chombo kipya hakipati pa kufunga mpaka kingine kimefungua kamba. Resini haiwezi kuchukua kitu bila kuachia kitu, nako kubadilishana huko ndiyo kazi yake yote. Kwa hiyo ukishika kopo la resini usiulize tu inanyonya nini. Uliza kwanza imekuja na nini mgongoni.

Mwaka 1946 daktari wa Marekani, William Dock, alipendekeza resini zitumike kuondoa sodiamu, yale madini yaliyomo kwenye chumvi, mwilini kwa kupitia tumbo. Usimcheke. Wakati ule hapakuwa na furosemaidi. Mtu aliyevimba alikuwa na sindano za zebaki, ambazo zilikojoza kweli lakini zebaki ni sumu, au alikuwa na chakula kisicho na chumvi kabisa, ambacho wagonjwa wengi hawakuweza kukivumilia. Kupata unga unaomruhusu mgonjwa ale mkate wa kawaida, kisha chumvi ikamatwe njiani, ilikuwa rehema. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini resini hizo zilitumika, na wako waliopungua uvimbe.

Lakini resini za kitabu kile zilikuja zimebeba haidrojeni au amoniamu. Ziliachia hizo tumboni zikachukua sodiamu. Zile za kaka yako zimekuja zimebeba sodiamu yenyewe. Jina la kwanza kwenye kopo ni hilo hilo ulilonakili kwa mkono wako: sodiamu. Unga huu ulitengenezwa kwa mgonjwa wa figo ambaye potasiamu imempanda mpaka inataka kuusimamisha moyo. Unaingia na sodiamu, unaiachia tumboni, unatoka na potasiamu. Kwa mama mkwe wa kaka yako ilikuwa dawa halali, aliyoandikiwa baada ya kupimwa damu. Kwa baba yako, aliyevimba kwa sababu mwili wake unashindwa kutoa sodiamu, ni sawa na kumfungulia mtu bomba nyumba ikiwa imejaa maji.

Nikupe hesabu yake. Gramu moja ya unga ina takriban miligramu 100 za sodiamu. Vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa ni kama gramu 15, kwa hiyo kila kikombe ulichomkorogea kilikuwa na miligramu 1,500. Vitatu kwa siku ni miligramu 4,500. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima mwenye afya yake asizidishe miligramu 2,000 kwa siku, ambazo ni kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya mezani. Si sodiamu yote ya kwenye unga inayoachiwa na kuingia damuni, nyingine hutoka na choo. Lakini kwa moyo uliochoka hata sehemu yake ni mzigo, na ndiyo maana maelekezo ya dawa hii yanaonya kuhusu wagonjwa wa moyo, wa presha na wa kuvimba. Uvimbe kupanda kutoka kifundoni hadi gotini ndani ya siku tatu hakunishangazi.

Upande wa pili ndio unaonitia hofu zaidi. Unga unapoondoka unatoka na potasiamu, na unaweza kuchukua kalsiamu na magnesiamu pia. Furosemaidi nayo huitoa potasiamu kwa mkojo. Spironolaktoni na losartani huibakiza. Daktari alipomwandikia baba dawa zile alikuwa akiipima mizani hiyo. Sasa ameingia mtu wa tano ambaye daktari hakumwalika. Na digoksini, dawa nzuri lakini isiyosamehe makosa, huwa kali sana moyoni potasiamu ikishuka: mapigo huanza kupoteza mpangilio, mgonjwa hupata kichefuchefu, wengine huona vitu kwa rangi ya manjano. Figo zikiwa dhaifu digoksini hukawia kutoka mwilini, ikazidi hapo hapo. Ndiyo maana nimekutaka uitaje mlangoni.

Nakisia kaka yako atauliza: basi tukiipata ile ya kitabuni, yenye amoniamu, si itafaa? Swali lake ni halali, na jibu langu ni hapana. Resini zile nazo zilikuwa na ada yake. Amoniamu iliyoachiwa tumboni ikifika kwenye ini hugeuzwa yurea, na kinachobaki ni asidi. Figo nzima huiondoa asidi hiyo. Figo kama za baba hushindwa, damu ikachachuka, mgonjwa akaanza kuhema na kulegea. Kwa mwenye ini bovu, amoniamu yenyewe ilikuwa hatari kwa akili yake. Zilinyakua potasiamu pia, hata watengenezaji wakalazimika kuchanganya resini nyingine iliyobeba potasiamu ili kufidia. Zilikausha tumbo, na zilitakiwa kwa wingi, makumi ya gramu kila siku, unga wenye ladha ya mchanga. Mwaka 1958 kidonge cha klorothiazaidi kilipoanza kuuzwa, kikamkojoza mgonjwa bila haya yote, resini za uvimbe zikaachwa. Miaka ya sitini ikaja furosemaidi. Dawa za kukojoza, kama hiyo iliyomo ndani ya mfuko wa baba, ndizo zilizoistaafisha ile ya kitabu cha babu.

Na hapo ndipo barua yako imenigusa, mdogo wangu. Majibu umeyaweka mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja salamu za jirani.

Baba hanywi dawa yake. Umesema Ijumaa haigusi, na siku nyingine anairuka kwa ajili ya udhu. Nawaelewa wazee wetu katika hili, sitamwita mkaidi. Mtu aliyesali safu ya mbele maisha yake yote hataki kuinuka kila mara katikati ya hotuba akiwapita watu mabegani. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba furosemaidi ya kidonge ina saa zake: huanza kufanya kazi ndani ya saa moja hivi, hukojoza sana saa moja au mbili zinazofuata, na kwa kawaida huisha nguvu baada ya takriban saa sita. Akiinywa akishamaliza sala ya alfajiri, saa kumi na moja na nusu, mpaka saa tano na nusu mchana imeshapoa, na adhuhuri anaikuta na udhu wake. Ijumaa pia. Mwombeni daktari apange hivyo kwa maandishi, na kama ameandikiwa mara mbili kwa siku, aseme ile ya pili ikae wapi. Wako pia wanaotokwa na mkojo bila kuuzuia, na wao wana ruhusa yao katika dini. Baba amuulize imamu wake. Nadhani neno hilo likitoka kwa imamu litamwingia kuliko likitoka kwangu.

Halafu vidonge vya magoti. Kama ni ibuprofeni au diklofenaki, na vya dukani mara nyingi ndivyo, basi hivyo pekee vinatosha kurudisha uvimbe. Vinaifanya figo ishike chumvi na maji, vinaipunguzia nguvu furosemaidi, na vikikutana na losartani na dawa ya kukojoza kwa mzee mwenye figo dhaifu vinaweza kuziangusha kabisa. Mueleze baba hivyo hivyo. Kwa magoti paracetamoli ni salama zaidi kwa mtu kama yeye, kwa kipimo atakachoambiwa, pamoja na kitambaa cha moto na kukandwa.

Na ng'onda. Najua wali bila ng'onda kwa mzee wa pwani ni adhabu, na asiyekula atadhoofika, kwa hiyo sikwambii umnyang'anye sahani. Ila samaki huyo amehifadhiwa kwa chumvi, na hata kipande kidogo kina chumvi nyingi. Mpikie samaki mbichi, Matondoni hamkosi, umtie ndimu, thomu, tangawizi, ukwaju na pilipili mpaka ulimi usahau. Achari na viungo vya pakiti viweke mbali naye. Magadi na unga wa kuumulia keki (baking powder) navyo vina sodiamu, ingawa havina ladha ya chumvi. Na kama maji ya kisima chenu yamekolea chumvi, ya kunywa baba yatoke kwenye tangi la mvua au kisima kitamu. Tahadhari moja: usimnunulie ile chumvi mbadala ya wagonjwa wa presha. Nyingi ni potasiamu, na kwa anayetumia spironolaktoni na losartani inaweza kuipandisha mpaka moyo usimame. Madafu kwa wingi kila siku pia uyaulizie kwanza, mpaka majibu ya damu yatoke.

Sasa kaka. Usimpigie kumwambia amekosea. Alifanya alichoweza kufanya mtoto aliye mbali, akasoma, akatafuta, akatuma. Mpigie baada ya daktari kumwona baba, umwambie: "Kaka, kitabu kilikuwa cha kweli, ila unga wa kitabuni ulibeba kitu kingine. Huu wetu umebeba sodiamu." Msomee jina la kwenye kopo taratibu. Mtu aliyeweza kusoma kitabu cha babu ataelewa. Kama atabisha, mpe simu daktari aongee naye mwenyewe, maana kuna maneno ambayo mdogo hawezi kumwambia mkubwa wake, na hulazimiki kuyabeba peke yako. Kopo la pili usiligawe kwa jirani mwenye miguu iliyovimba, hata akikuomba. Huko kwetu uvimbe wa mguu mmoja unaweza kuwa matende, au damu iliyoganda, na unga huu hauhusiki na lolote kati ya hayo. Lirudishe kwenye duka la dawa la hospitali.

Na ikiwa kaka bado anataka kutuma kitu, atume mizani ya kusimamia. Kila asubuhi baba akishakojoa, kabla ya chai, asimame juu yake na wewe uandike uzito kwenye daftari. Uzito ukiongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, ni maji hayo, na unampigia daktari siku hiyo hiyo, kabla viatu havijaanza kumkataa.

Nenda sasa. Ukirudi niandikie potasiamu ilikuwa ngapi, na kama tumbo limefunguka.